Ustawi wa jamii: usomee Australia, Ujerumani au hapahapa Kenya? Tuziweke kwenye mizani moja

Mi nina saiba hapa Malindi, na nikwambie ukweli siku hizi kuchapa barua za chifu ni kazi ndogo sana, kazi kubwa ni fomu za watoto wa watu wanaotaka kwenda nje. Sasa juzi kaja mpwa wangu, binti wa dadangu wa Muyeye, ana karatasi tatu kwenye bahasha moja ya kaki. Ya kwanza barua ya chuo cha Australia ya diploma ya huduma za jamii, ya pili tangazo la mafunzo ya Ujerumani alilotumiwa WhatsApp na rafikiye, ya tatu ni nafasi ya diploma ya ustawi wa jamii kwenye chuo cha ufundi cha serikali, hivi vya TVET, hapahapa kaunti. Kakaa kwenye kile kiti cha karibu na feni akaniambia, "Mjomba, nichagulie moja."

Nkamwambia mi siwezi kukuchagulia lakini naweza kukuwekea zote tatu mezani tuzitazame. Na siku ileile, wallahi kama vile wamepangana, kaingia kijana wa Faza katoka Lamu na basi la asubuhi, anataka jambo lilelile, ila yeye mfuko wake na wa mpwa wangu ni vitu viwili tofauti. Ndio nikaona bora niandike, manake haya maswali nayajibu kila wiki na sauti inanikauka.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakosea kabla hata ya kufungua kompyuta. Sisi watu wa Malindi ustawi wa jamii tunaujua kwa macho. Ile 2023 Shakahola ilipotokea, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, nani alikaa na zile familia pale hospitali zikisubiri majibu ya DNA, nani alishughulika na watoto waliookolewa? Ni hawa watu. Ile kliniki ya methadoni, ile dawa ya kuwaachisha vijana heroini, ya hospitali yetu hapa, imefunguliwa tangu 2015, daktari anatoa dawa sawa, lakini yule anayefuatilia kama kijana amerudi nyumbani, kama mamake amempokea, kama amepata kibarua, huyo ni mtu wa jamii. Wazee wa huku Ganze na Magarini wanaoitwa wachawi kisa mvi, watoto wa shule waliopata mimba, mabaki ya familia baada ya mafuriko ya mto Sabaki, yote hiyo. Ni kazi ya kusikiliza, kuandika faili, kuunganisha mtu na msaada na kurudi tena wiki ijayo.

Shika hiyo kichwani halafu tuangalie zile karatasi, manake moja kati ya hizo tatu siyo kazi hii kabisa.

Tuanze na Australia kwa sababu ndio ilikuwa inang'aa. Kule elimu ya ufundi imepangwa kwa namba maalum za kitaifa, na namba ya kozi za jamii inaanza na herufi CHC. Diploma ya huduma za jamii ni CHC52021, cheti cha tatu cha kuhudumia mtu mmojammoja (wazee na walemavu) ni CHC33021. Uzuri wa hii mpangilio ni kwamba yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti yao ya training.gov.au akaweka ile namba akaona masomo yote na chuo gani kina ruhusa ya kufundisha. Halafu kwa mwanafunzi wa nje lazima chuo kiwe na namba ya CRICOS, ile sajili ya serikali yao ya vyuo vinavyoruhusiwa kuchukua wanafunzi wa nje, hakuna CRICOS hakuna viza, hata kama bango lao lina picha ya daraja la Sydney.

Sasa sikiza hapa, kuna kitu ajenti hakukisema na mpwa wangu hakukijua. Vyuo viwili vinaweza kufundisha CHC52021 ileile, ada karibu sawa, muda sawa, na karatasi zikawa na uzito tofauti kabisa. Kule kuna chama cha wafanyakazi wa jamii, kinaitwa ACWA, hicho ndicho kinachopima ujuzi wa mtu anayeomba viza ya kazi kama mfanyakazi wa ustawi, kazi namba 272613 kwenye orodha ya kazi ya Australia. ACWA wanataka kozi waliyoikubali wao, na kwa diploma wanataka saa 400 za atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Vyuo vingi vinatoa ile diploma na saa chache kuliko hizo, ni halali kabisa kisheria, cheti utapewa na picha utapiga na joho, ila siku ya kwenda kupimwa ujuzi unaambiwa hii haijafika. Yaani ni kama kununua tiketi ya Lamu ukashushwa Mokowe, umefika karibu, Amu unaiona kwa macho, lakini boti hujalipiwa.

Nikamuuliza mpwa wangu, barua yako imeandikwa saa ngapi za atachimenti? Tukaitafuta kurasa zote sita. Haimo. Nikamwambia hilo ndilo swali la kwanza kumtumia ajenti leo usiku, na akijibu "usijali tutapanga mkifika" ujue jibu ushalipata.

Na atachimenti yenyewe hulipwi. Uzuri wake saa zile za lazima za kozi hazihesabiwi kwenye kikomo cha kufanya kazi, ambacho kwa mwanafunzi ni saa 48 kwa wiki mbili. Lakini mchana umeshaenda, usiku ndio utafute hizo 48.

Haya, pesa. Hapa nilitoa kalkuleta. Dola ya Australia kwa kukadiria ni shilingi 85 hivi. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi, ile subclass 500, ilikuwa dola 710, ikapanda 1,600 Julai 2024, na tangu Julai 2025 ni dola 2,000. Hiyo ni kama laki moja na elfu sabini, na ukinyimwa hairudi. Halafu lazima uonyeshe una dola 29,710 za kuishi mwaka mmoja, hiyo ni milioni mbili na nusu, juu yake uweke ada ya chuo ya mwaka wa kwanza na nauli, na bima ya afya ya lazima ya wanafunzi wa nje. Invoisi nilizoskani hapa saibani za hii diploma nimeona za dola 12,000 mpaka 20,000 kozi nzima. Kwa hivyo ukijumlisha bila kujidanganya mtu anatakiwa aonyeshe kitu kama milioni tatu na nusu, na ioneshe imetoka wapi, siyo imeingia benki Jumatatu ikatoka Ijumaa.

Ukifika, mshahara wa chini kule tangu Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Mara 48 ni karibu dola 1,200 kwa wiki mbili kabla ya kodi, na kazi za kuhudumia wazee zinalipa zaidi kidogo ya hapo. Watu wanaisikia hiyo wanaruka, wanaigeuza shilingi papo hapo, wanasahau chumba kinalipwa kwa dola na nyanya zinanunuliwa kwa dola.

Alaf kuna lile swali la ukweli wa mwanafunzi. Tangu Machi 2024 fomu inakuuliza kwa nini kozi hii, kwa nini Australia, nyumbani umeacha nini, na kila jibu ni maneno 150 basi, hayazidi. Hapa ndipo nimeona machozi. Mwaka jana wateja wangu wawili, hawajuani, mmoja wa Mambrui mmoja wa Gede, ajenti wao ni mmoja, wamekuja kuchapa majibu yao siku tofauti na ni majibu yaleyale neno kwa neno, hadi lile kosa la tahajia. Nikawaambia. Mmoja akaniambia, "Ami wewe chapa tu, ajenti ndio mjuzi." Wote wawili walinyimwa. Mi sijui kusoma moyo wa ofisa wa viza lakini majibu ya kukopi hayakuwasaidia, hilo nina hakika nalo.

Kiingereza kwa viza ya mwanafunzi ni alama 6.0 ya mtihani wa IELTS, na kwa ile viza ya kubaki baada ya masomo ni 6.5. Na hiyo ya kubaki, ile 485, tangu Julai 2024 umri wake ni mwisho miaka 35, na kwa mtu wa elimu ya ufundi haitoshi kusoma miaka miwili, kazi uliyoisomea lazima iwe kwenye orodha ya ujuzi ya viza hiyo hasa, na orodha ziko zaidi ya moja. Ajenti atakuonyesha kazi yako iko "kwenye orodha". Orodha gani? Muulize hivyohivyo.

Kitu kingine cha kujua kuhusu Australia, mwaka 2024 serikali yao ilitangaza kufuta vyuo zaidi ya 150 ambavyo vilikuwa jina tu, na kuna watu maelfu waliofutiwa vyeti kwa sababu vyuo vyao havikuwafundisha kitu, na kozi za huduma za wazee na jamii zilikuwemo. Kwa hivyo usidhani utapeli wa vyuo ni mambo ya huku kwetu pekee.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Kwa ile kazi niliyoieleza pale juu, ile ya Shakahola na methadoni, diploma ya Australia ndio inaifundisha hasa: jinsi ya kubeba kesi, kuzungumza na mtu aliyeumia, sheria ya kuripoti mtoto anapodhulumiwa, kazi na watu wa mila tofauti. Wana mfumo wa walemavu unaitwa NDIS tangu 2013 ambao unaajiri watu wengi mno. Kozi ni nzuri. Shida ni mlango, ni mwembamba na wa kulipia.

Ujerumani sasa.

Ile wanaiita Ausbildung, vijana hapa mtaani wameshaifanya neno la kawaida, "fulani ameenda Ausbildung" kama vile ni mji. Ni mafunzo ya kazi, huku unasoma huku umeajiriwa. Na kile alichotumiwa mpwa wangu, kama yalivyo matangazo tisa kati ya kumi ninayoyaona, ni ya uuguzi. Siyo ustawi wa jamii. Narudia manake nimechoka kurudia, ni uuguzi. Tangu Januari 2020 wameunganisha uuguzi wa wagonjwa, wazee na watoto kuwa mafunzo mamoja ya miaka mitatu, darasani saa 2,100 na kazini saa 2,500. Linganisha na saa 120 za atachimenti za kile cheti cha tatu cha Australia utaona ni nani anakufundisha kwa mikono na nani anakuonjesha.

Na wanakulipa! Hapa ndipo mizani inaanguka upande mmoja kabisa. Ada ya shule hakuna kwa kawaida, na taasisi zinazofuata mkataba wa mishahara ya umma mwaka wa kwanza ni kama yuro 1,400 kabla ya makato, na inapanda kila mwaka. Kwa yuro ya shilingi 150 ni laki mbili na kitu, utakatwa bima na mengine, utalipa chumba, lakini hujauza shamba la babu. Ada ya viza yenyewe ni yuro 75. Weka hiyo kando ya zile dola 2,000 uone. Na kama mshahara wa mafunzo unatosha kukuweka hutakiwi kufungia mamilioni kwenye akaunti.

Ujerumani pia ukimaliza mafunzo kulekule na ukafanya kazi ya fani yako miaka miwili unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Siyo bahati nasibu ya pointi, ni sheria imeandikwa.

Sasa bei yake ni lugha. Viza inataka Kijerumani B1, yaani ngazi ya kati, na hospitali nyingi zinataka B2, ngazi moja juu yake, na mtihani wa Goethe unaufanyia Nairobi. Watu wa hapa tuna kiburi cha lugha, mtu ameokota Kitaliano ufukweni miezi mitatu anauza safari za Marafa anadhani Kijerumani ni hivyohivyo. Siyo. Kuuza safari na kumwelewa bibi wa miaka 90 mwenye kiharusi anayeongea lafudhi ya kijijini kwao saa kumi usiku ni vitu viwili. Kutoka sifuri mpaka B1 ukiwa unasoma kila siku hesabu miezi minane mpaka mwaka, na wengi wanachukua zaidi kwa sababu darasa wanalipa mwezi, mwezi ujao hawana.

Na kuna jambo la nyumbani ambalo hakuna tangazo litakwambia, nami nalisema kwa sababu mpwa wangu ni mtoto wa Kiislamu na mamake ataniuliza mimi. Kazi ile ni ya mwili. Utamuogesha mzee wa kiume, utambadilisha, utafanya zamu ya usiku Ramadhani na futari utaila umesimama jikoni. Kuna taasisi zinapanga vizuri, kuna hijabu za kazi, kuna wenzetu wengi wamezoea na wanasema ni ibada, kumhudumia mzee. Wengine wamerudi. Pia lile la kuona watu wameweka wazazi wao kwenye nyumba za wazee, sisi hapa Pwani ukimpeleka mamako huko utasemwa mpaka kaburini, kule ni kawaida na wao hawaoni vibaya. Ukienda na moyo wa kuwahukumu hutadumu hata ile miezi sita ya majaribio.

Kama ni ustawi wa jamii wenyewe ndio unautaka Ujerumani, basi jua kule ni digrii ya chuo kikuu, hawaufundishi kwa njia ya Ausbildung. Kilicho karibu kwa upande wa mafunzo ni ile kazi ya kulea na kusaidia watu wenye ulemavu, Heilerziehungspflege, jina refu kuliko boti la Pate, ni miaka mitatu pia mara nyingi na masharti yake yanatofautiana jimbo kwa jimbo, kuna mahali wanalipa kuna mahali hawalipi. Hiyo kwa moyo wa mpwa wangu ingemfaa kuliko uuguzi, nilimwambia.

Na tafadhali, ule mkataba wa Kenya na Ujerumani uliosainiwa Berlin Septemba 2024, haukugawa kazi. Ile habari kwamba Wakenya wamepewa nafasi 250,000 za kazi ilikanushwa na wizara ya ndani ya Ujerumani yenyewe. Mkataba unarahisisha njia kwa mwenye sifa, basi. Mtu akikuambia ana "nafasi za mkataba wa Ruto" anauza kwa elfu sitini, funga simu.

Uingereza nakwenda mbio, mlango ule wa kazi za uangalizi kwa watu wanaoajiriwa kutoka nje ulifungwa 22 Julai 2025, na familia walikuwa wamezuiwa tangu Machi 2024. Mtu bado anakuuzia hiyo mwambie unaswali. Canada wana diploma nzuri ya miaka miwili ya huduma za jamii, lakini tangu 2024 wameweka kikomo cha vibali vya masomo na wanabadilisha masharti kama upepo wa matlai. Na Italia, najua mtaniuliza, hapa Malindi nusu ya mji unaongea Kitaliano, kule kuna kozi ya mhudumu wa afya na jamii inaitwa OSS ya saa 1,000, na 450 kati ya hizo kazini kwa kawaida. Ni kozi ya maana na lugha tayari unayo. Shida ni kuingia nchini kihalali, kwa kazi za nyumbani mwajiri ndiye anaomba kupitia mgao wa serikali na kuna siku ya kubofya ambapo wote wanabofya kwa pamoja na nafasi zinaisha. Kama una familia ya Kiitaliano inayokujua kweli na iko tayari kukuombea, zungumza nao. Kama ni mtu wa "ciao bella" tu, achana.

Haya turudi kwa karatasi ya tatu, ile ambayo mpwa wangu aliiweka chini kabisa ya bahasha kama vile anaionea haya.

Chuo cha hapahapa. Cheti unaingia na D ya mtihani wa kidato cha nne, diploma na C-. Mpwa wangu ana C. Kijana wa Faza ana D+, kwa hivyo yeye anaanzia cheti halafu anapanda, na kupanda huko kupo, siyo maneno. Tangu 2023 ada ya vyuo vya TVET vya serikali iliwekwa 67,189 kwa mwaka na serikali inakubebea sehemu kulingana na hali ya nyumbani, na HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanakopesha watu wa TVET pia, siyo wa yunivasiti pekee kama wengi wanavyodhani. Nafasi unaomba KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni. Hesabu kichwani: ile ada ya viza ya Australia peke yake, ile ambayo ukinyimwa imekwenda, ni zaidi ya ada ya miaka miwili ya hapa kabla hata serikali haijaweka mkono.

Atachimenti ya huku unaifanya kwenye kazi halisi. Ofisi ya watoto, hospitali, magereza, mashirika. Lugha ya kazi ni Kiswahili na Kigiriama na huku Lamu Kiamu na Kibajuni, na mama aliyefiwa atakufungukia wewe kabla ya mtu yeyote wa Nairobi. Sheria ya Watoto ya 2022 utaisoma ukiwa na kesi mbele yako.

Ubaya wake nisiufiche. Kazi ni chache na za mkataba, mashirika yanakuja na mradi mradi ukiisha wanaondoka na gari lao. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023, karibu laki moja nchi nzima, posho yao ni 5,000 kwa mwezi, nusu ya kaunti nusu ya serikali kuu, na hata hiyo inachelewa. Nimechapa barua zao za kulalamika. Vitabu ni vya zamani, atachimenti unajitafutia mwenyewe na wakati mwingine unapewa kazi ya kutengeneza chai. Chuo cha hapa hakikupeleki ulaya.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho nimekiona kwa macho kwenye hii meza yangu. Wale waliofanya kazi ya jamii hapa hata mwaka mmoja, hata ya kujitolea Msalaba Mwekundu, wakikaa kuandika yale maneno 150 hawahitaji ajenti. Wanaandika "nimekuwa nikifuatilia vijana 14 wa kliniki" na wanaandika kweli. Na wanaokwenda Ujerumani wakiulizwa kwa nini unataka kuhudumia watu wana jibu ambalo siyo pesa. Wale waliotoka shule moja kwa moja wanaandika "ni ndoto yangu tangu utotoni", wote, kila mmoja.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, mjomba wa saiba asiye na diploma ya kitu, swali siyo nchi. Swali ni mawili: nani anakulipia njiani, na ile karatasi siku ya kumaliza inafungua mlango gani hasa, uutaje kwa jina. Australia unalipa wewe na mlango upo kama saa zako ni 400 na umri wako na orodha vinakubali. Ujerumani wanalipa wao na mlango uko wazi, ila ni mlango wa uuguzi. Hapa mnachangiana na serikali, mlango ni mdogo lakini ni wa kazi unayoitaka na unaweza kuupitia ukielekea milango mingine.

Kijana wa Faza nilimwambia bila kuzunguka. Hana sponsa, babake ni mvuvi, ana D+. Australia aisahau kwa sasa, asije akauzisha mashua. Aanze cheti hapa na jioni asome Kijerumani, na kama baada ya B1 anaona damu na vitanda vya wagonjwa havimtishi basi Ausbildung, na kabla ya hapo aulize shule ya kule kama vyeti vyake vya Kenya vinatosha. Alisikitika kidogo. Akaniuliza, "Ami, miaka miwili mitatu yote hiyo?" Nkamwambia wewe una miaka 20, ile miaka itapita uwe unasoma au uwe umekaa mkunguni unacheza bao.

Mpwa wangu ndio mgumu, kwa sababu yeye ana mjomba wake mwingine, ndugu yangu mkubwa aliyeko Perth, ambaye amesema atamsimamia. Pesa zipo, kweli zipo, nimeona taarifa ya benki. Na moyo wake uko kwenye kazi ya jamii, uuguzi hautaki, akiona sindano anageuza uso. Kwake yeye Australia siyo ujinga. Ila siyo kile chuo. Tulitafuta pamoja kwenye orodha ya ACWA yenyewe ya kozi walizozikubali, tukaandika pembeni vyuo vichache vyenye diploma, na ada zao ni ghali kidogo kuliko kile cha ajenti, na hapo ndipo nilielewa kwa nini ajenti hakuvitaja.

Usiku ule ajenti alimjibu lile swali la saa za atachimenti. Akamwandikia, "Usijali dada, mkifika mtapangiwa."

Nkacheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Sasa alichoamua yeye, siyo mimi, ni kuchukua nafasi ya chuo cha hapa kwa mwaka wa kwanza, afanye IELTS akiwa anasoma, na mwakani aombe chuo chenye zile saa 400 akiwa na kitu cha kuandika. Ndugu yangu wa Perth amenuna kidogo, anasema tunachelewesha mtoto. Dadangu amefurahi lakini anajifanya hajafurahi. Leo asubuhi binti ameniletea cheti cha kuzaliwa nikiskani kwa ajili ya fomu ya chuo, kimekunjwa mara nne na kina alama ya chai kwenye jina la babake, kwa hivyo kesho tunaanzia Huduma Center.